Alifukuzwa kwa Kuwafungulia Wanawake Wanne Mlango

Wasee, kuna mzee mmoja wa kichwa kipara ambaye amenisaidia kupata usingizi kwa karibu miaka miwili, na hanijui. Anaitwa Ajahn Brahm. Ni mtawa wa Kibuddha anayeishi Australia, na mahubiri yake yamejaa YouTube. Anavaa joho la rangi ya kutu, anachekesha watu hadi wanasahau walikuja kusikiliza dini, halafu katikati ya kicheko anakuangushia neno moja ambalo unatembea nalo wiki nzima. Mimi si Mbuddha. Nilimpata usiku mmoja nikiwa nimeacha chuo na nyumbani bado hawajui. Usingizi ulikuwa umekataa kabisa, na simu ikajichezea video yake.

Kwa muda mrefu nilidhani ni mzee wa stori tu. Kumbe jamaa alishafukuzwa. Na hakufukuzwa kwa kula pesa za sadaka, wala kwa kupatikana mahali ambapo mtawa hafai kupatikana. Tarehe 22 Oktoba 2009, kwenye monasteri yake ya Bodhinyana nje ya mji wa Perth, yeye na wenzake walishiriki kuwatawaza wanawake wanne kuwa watawa kamili: Vayama, Nirodha, Seri na Hasapanna. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Novemba, alikuwa Thailand, ameketi mbele ya wazee wa Wat Pah Pong, monasteri mama iliyomlea. Walitaka akane alichofanya. Akakataa. Wakamtoa kwenye familia yao, na monasteri yake ikafutwa kwenye orodha ya matawi.

Nikajiuliza, sasa hawa wanawake wanne walimkosea nani? Wamenyoa nywele, hawashiki pesa, hawaolewi, wakishapita saa sita mchana hawali tena hadi kesho. Hawataki kitu cha mtu. Nikaanza kuchimba, na kile nilichopata ni historia ndefu kuliko nilivyotarajia. Ndani yake kuna jambo moja lililoniudhi sana. Nitafika hapo, vumilieni.

Kwanza huyu mzee mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1951, jina lake la nyumbani Peter Betts. Akasoma fizikia Cambridge, akafundisha shule kwa mwaka mmoja, halafu akaenda Thailand na kuwa mtawa akiwa na miaka 23. Miaka tisa alikaa na Ajahn Chah, yule mwalimu maarufu wa msituni aliyeanzisha Wat Pah Pong mwaka 1954. Mwaka 1983 alitumwa Australia kusaidia kuanzisha monasteri. Walinunua shamba sehemu inaitwa Serpentine, na pesa zikaishia hapo. Hawakuwa na nyumba wala vitanda. Anasimulia kwamba walilalia milango ya zamani iliyowekwa juu ya matofali, na mlango wake yeye ulikuwa na shimo pale kitasa kilipotolewa, katikati kabisa. Anasema faida yake ni kwamba hungehitaji kuamka usiku kwenda choo.

Hawangeweza kulipa fundi, kwa hivyo wakawa mafundi wenyewe. Akajifunza mabomba, akajifunza kujenga ukuta. Stori yake iliyozunguka dunia ni ya ukuta wa kwanza aliojenga. Alipomaliza akarudi nyuma kuuangalia, akaona matofali mawili yamekaa vibaya. Aliuchukia ule ukuta kwa miezi, akawa anawapitisha wageni upande mwingine wasiuone. Siku moja mgeni akausifu. Akamwambia, kwani huoni yale mawili mabovu? Mgeni akajibu kwamba anayaona, na anayaona pia yale mengine 998 yaliyokaa sawa.

Nimewaeleza haya kwa sababu moja. Wengi wakisikia mtawa amefukuzwa kwa kutetea wanawake, wanadhani ni mzungu aliyekuja na mambo ya kisasa akapuuza sheria za wenyewe. Ajahn Brahm ni kinyume. Alipokuwa bado mtawa mdogo ndiye aliandika mwongozo wa Kiingereza wa Vinaya, yaani kanuni za watawa, na monasteri nyingi za nchi za Magharibi zikautumia. Na zile kanuni si mchezo. Mtawa wa kiume katika tawi lao, linaloitwa Theravada, ana kanuni 227. Wa kike ana 311. Kuna kanuni ya pesa, ya chakula, ya kulala, ya kukata mti, hadi ya kula ukitoa sauti. Ukimsikiliza akiyaeleza maisha hayo, hasikiki kama mtu aliye jela. Anasema kuna uhuru wa kufuata kila unachokitamani, na kuna uhuru wa kutosumbuliwa na tamaa zenyewe, na kwamba dunia inajua ule wa kwanza peke yake. Sisi wenye simu zinazotulilia kila dakika tunaelewa anachosema, hata kama hatutanyoa nywele.

Sasa kama maisha hayo ni mazuri hivyo, mbona mwanamke hakupewa?

Thailand, mwanamke akitaka utawa alipewa kitu kinaitwa maechi. Ananyoa nywele na nyusi, anavaa nyeupe, anafuata kanuni nane. Nane, si 311. Katika monasteri nyingi utamkuta anapika na kufagia, na watu wakileta sadaka, mtawa wa kiume ndiye huhudumiwa kwanza. Na sikia hii: kwa miaka mingi maechi alikataliwa kupiga kura kwa sababu serikali ilimhesabu kama mtu wa dini, na Thailand watu wa dini hawapigi kura. Akienda kupanda gari aombe nafuu ya nauli wanayopewa watawa, anaambiwa yeye si mtu wa dini, ni raia tu. Kila ofisi ilimhesabu pale ambapo hatapata kitu.

Ukiuliza kwa nini asitawazwe tu kuwa bikuni, yaani mtawa kamili wa kike kama yule biku wa kiume, unaletewa kanuni. Bikuni hutawazwa mara mbili siku hiyo hiyo, kwanza na kundi la mabikuni, kwa kawaida kumi, kisha na kundi la mabiku. Na katika Theravada mabikuni waliisha karibu miaka elfu moja iliyopita. Kwa hivyo kumi watatoka wapi? Hawapo. Na kwa sababu hawapo, hakuna wa kumtawaza wa kwanza. Na kwa sababu hakuna wa kwanza, hawatakuwapo.

Kama umewahi kutafuta kazi Nairobi unaijua hii. Kazi inataka uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu unapatikana kazini. Mimi nilizungushwa hivyo na ofisi fulani: barua ya kurudi darasani haitolewi bila matokeo, na matokeo hayatolewi bila barua. Ukizungushwa vya kutosha unaanza kuamini kosa ni lako.

Lakini turudi mwanzo kabisa, India, karne ya 5 kabla ya Kristo hivi. Vitabu vya Kibuddha vyenyewe vinasimulia kwamba mwanamke wa kwanza kuomba alikuwa Mahapajapati Gotami, mamake mdogo Buddha, aliyemlea tangu mamake mzazi alipofariki siku chache baada ya kumzaa. Aliomba mara tatu, akakataliwa mara tatu. Buddha akaondoka kwenda mji wa Vesali. Huyu mama akanyoa nywele zake, akavaa joho, akachukua wanawake wenzake wa ukoo wa Sakya, na wakatembea kwa miguu kumfuata. Alifika miguu imevimba, mwili una vumbi, akasimama nje ya mlango akilia.

Aliyemkuta ni Ananda, binamu na msaidizi wa Buddha. Ananda akaingia kumwombea, naye akakataliwa. Ndipo akabadilisha swali: je, mwanamke akiacha nyumba na kufuata njia hii, anaweza kufika mwisho wake, kule kuamka kwenyewe? Buddha akajibu kwamba anaweza. Ananda akasema basi, na huyu ndiye alikulea. Mlango ukafunguka, lakini na masharti manane. La kwanza linasema bikuni aliyetawazwa miaka mia atamwinamia biku aliyetawazwa leo asubuhi. Wako wasomi, hata miongoni mwa watawa, wanaoona masharti haya yaliongezwa baadaye. Mimi naona hata tukiyakubali yote manane, jibu kuhusu uwezo wa mwanamke lilishatolewa, tena mapema sana.

Kuna kipande kingine watu hawakisimulii sana. Buddha alipofariki, wazee wa kiume walikutana mji wa Rajagaha kupanga mafundisho. Kabla ya kumaliza wakamgeukia Ananda na orodha ya makosa yake, na mojawapo lilikuwa kwamba aliwasaidia wanawake kuingia. Ananda akajibu kwamba yeye haoni kosa hapo, lakini kwa kuwaheshimu wazee atalikubali. Kumbe Ajahn Brahm hakuwa wa kwanza kukalishwa kikao kwa jambo hili. Tofauti ni kwamba mwaka 2009 aliyekalishwa alikataa kulikubali.

Haya, sasa tuingie kwa lile lililoniudhi.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka wa India alimtuma mwanawe Mahinda, mtawa, kupeleka dini Sri Lanka. Malkia Anula na wanawake wa ikulu wakataka utawa. Historia ya kisiwa inasema Mahinda aliwaambia yeye hawezi kuwatawaza, watumie ujumbe kwa dadake. Dadake, Sanghamitta, akaja kwa meli na mabikuni wenzake, wamebeba tawi la ule mti ambao Buddha aliketi chini yake. Mti uliotokana na tawi hilo bado uko Anuradhapura. Watu huenda kuuombea hadi leo.

Miaka karibu 700 baadaye, mabikuni wa Sri Lanka wako China. Sipigi chai. Mwaka 429 meli ya nahodha mmoja anaitwa Nandi ilitia nanga na kundi la mabikuni wa Kisinhala, wakafika mji ambao leo ni Nanjing. Wakawauliza wanawake wa China, nyinyi mlitawazwa na nani? Wakasema na mabiku pekee, maana hapa hapakuwa na mabikuni. Wasiwasi ukaingia: je, sisi ni watawa wa kweli? Mtawa msomi kutoka India, Gunavarman, akawatuliza kwamba utawa wao ni halali, kwa maana hata Gotami mwenyewe hakuwa na mabikuni kumi wa kumtangulia. Lakini kama wanataka kurudia kwa utaratibu kamili, ni vizuri pia. Tatizo ni kwamba wageni hawakutimia kumi. Walifanya nini? Walingoja meli. Mwaka 433 Nandi alirudi na kundi lingine, likiongozwa na bikuni anayeitwa Devasara. Kumi wakatimia. Wanawake zaidi ya 300 wakatawazwa upya. Kutoka hapo safu ya mabikuni haijakatika katika dunia ya Kichina, na ilipita hadi Korea na Taiwan.

Wakati huo kule nyumbani Sri Lanka mambo yakaja kuharibika. Mwishoni mwa karne ya 10 majeshi ya Wachola kutoka kusini mwa India yalivamia, Anuradhapura ikaangushwa, monasteri zikavunjwa. Mfalme Vijayabahu wa Kwanza alipokikomboa kisiwa karibu mwaka 1070, alikuta mabiku waliobaki hawatoshi hata kufanya ibada moja ya kumtawaza mtu. Na mabikuni hawakuwepo tena.

Angalia kilichofanyika. Mfalme aliagiza mabiku kutoka Burma. Walikuja, wakawatawaza wanaume wa kisiwa, safu ya wanaume ikarudi. Kwa wanawake hakuna aliyetumwa popote.

Halafu wanaume wakaisha tena! Kufikia karne ya 18 Sri Lanka haikuwa na mabiku kamili wa kutosha kutawaza mwingine. Mfalme wa Kandy akatuma ujumbe Siam, ambayo ndiyo Thailand ya leo. Waliosafirisha ni Waholanzi, waliokuwa wameshika pwani ya kisiwa kwa ajili ya mdalasini na walitaka kubaki na uhusiano mzuri na mfalme. Ujumbe mmoja ulizama na meli. Hawakukata tamaa, wakatuma mwingine na mwingine, hadi mwaka 1753 mtawa Upali na wenzake wakafika kutoka Siam na kuwatawaza wanaume wa Kandy. Kundi kubwa zaidi la mabiku Sri Lanka leo bado linaitwa Siyam Nikaya, yaani kundi la Siam.

Kwa hivyo safu ya wanaume ilikatika zaidi ya mara moja, na kila mara ufalme mzima ulisimama kuirudisha: wajumbe, zawadi, meli za Wakristo wa Uholanzi, miaka ya kungoja. Hakuna aliyesema imekatika basi, sheria ni sheria, poleni. Ya wanawake ilikatika mara moja, na kwa karibu miaka elfu moja wakaambiwa ni sheria. Hilo ndilo liliniudhi.

Najua jibu la wazee, na si jibu la kijinga, acha niliweke vizuri. Wanasema wanaume walikuwa na mahali pa kuagiza ndani ya Theravada yenyewe, Burma na Siam. Wanawake hawana. Mabikuni waliobaki duniani wako China, Korea na Taiwan, na wale wanafuata kitabu kingine cha Vinaya, cha tawi linaloitwa Dharmaguptaka. Huwezi kuchukua kundi la huku ukalitumia kule. Na kwa mtu ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya kulinda kanuni bila kuibadilisha, hiyo ni hofu ya kweli.

Lakini basi kuna mambo mawili. Kwanza, wale mabikuni wa China walikamilishiwa idadi yao na nani? Na mabikuni wa Sri Lanka. Mali ya nyumbani iliwekwa kwa jirani, leo unaambiwa haiwezi kurudi kwa sababu jirani ana sahani tofauti. Pili, ndani ya Vinaya ya Theravada yenyewe kuna mahali ambapo Buddha anawaruhusu mabiku kuwatawaza mabikuni. Ni kweli baadaye ukaja utaratibu wa makundi mawili, lakini ile ruhusa ya kwanza haikufutwa kwa maneno. Mwaka 1949 msomi mzito wa Burma, Jetavan Sayadaw wa Mingun, aliandika kwa lugha ya Kipali akitetea kwamba ruhusa ile inafanya kazi pale mabikuni wanapokosekana. Huyo si mzungu, na si mtu wa kutafuta umaarufu. Ni mzee wa ndani kabisa.

Thailand hawakutaka hata kusikia. Mwaka 1928 mwanasiasa mkorofi anayeitwa Narin Phasit aliwafanya binti zake wawili, Sara na Chongdi, kuwa watawa, wote bado wasichana. Wakakamatwa, wakavuliwa majoho, wakafungwa. Mwezi Juni mwaka huo huo mkuu wa watawa wa nchi akatoa amri kwamba mtawa yeyote asimtawaze mwanamke. Hiyo amri ya 1928 haijaondolewa hadi leo. Burma waliendelea hivyo hivyo: mwaka 2005 mwanamke mmoja, Saccavadi, aliyekuwa ametawazwa Sri Lanka, alirudi nyumbani kwao akafungwa zaidi ya miezi miwili.

Waliosogeza mambo ni wanawake wenyewe. Mwaka 1996 wanawake kumi wa Sri Lanka walitawazwa Sarnath, India, kwa msaada wa mabikuni wa Korea. Mwaka 1998 wengine wakatawazwa Bodh Gaya, kwenye ibada iliyoandaliwa na monasteri kubwa ya Taiwan, na mwaka huo huo ibada ikafanyika Dambulla, ndani ya Sri Lanka yenyewe. Meli ya Nandi ilichukua zaidi ya miaka 1,500 kurudi, lakini ilirudi.

Na Mthai? Chatsumarn Kabilsingh alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Thammasat, mama wa watoto watatu, sura inayojulikana kwenye televisheni. Mamake, Voramai, alikuwa ameshatawazwa Taiwan mwaka 1971 na Thailand ikakataa kumtambua. Mwaka 2001 profesa akaacha yote, akapanda ndege kwenda Sri Lanka kuanza utawa, na mwaka 2003 akawa bikuni kamili kwa jina la Dhammananda. Hebu fikiria hiyo safari. Mwaka 1753 Sri Lanka ilienda Siam kuomba utawa wa wanaume, ikapewa. Miaka 250 baadaye mwanamke wa Siam anaenda Sri Lanka kuchukua utawa wa wanawake, anarudi nao nyumbani, na nchi inamwambia haumtambui.

Ndiyo maana ile siku ya Perth ilikuwa nzito. Safari hii mlango ulifunguliwa na mtu wa ndani, mwanafunzi wa Ajahn Chah, kutoka kwa familia ya watawa wanaoheshimiwa zaidi Thailand kwa ukali wa kanuni. Na kila kitu kilifuata utaratibu. Mabikuni walialikwa, kiongozi wao bikuni Mmarekani, Tathaaloka, wakafanya sehemu yao kwanza, kisha mabiku wakafanya yao. Makundi yote mawili, kama ilivyoandikwa.

Kule Wat Pah Pong lawama haikuwa ya wanawake tu. Walimlaumu pia kwamba alifanya kimya kimya bila kuwashirikisha wazee. Hapo nimejadiliana na nafsi yangu sana. Katika maisha yale uamuzi ni wa pamoja, na kumshtua mzee wako ni kumvunjia heshima. Ningekuwa mmoja wa wale wazee ningeumia pia. Lakini ukijua jibu litakuwa hapana, na amri ya mwaka 1928 ndiyo ngao yao, kuuliza kungebadilisha nini? Mwezi Agosti mwaka huo huo, huko Uingereza, watawa wa kike wa familia hiyo hiyo walikuwa wamewekewa masharti matano, na mojawapo linamweka mtawa wa kiume mchanga kabisa juu ya mtawa wa kike mkongwe kabisa. Wanawake kadhaa waliondoka. Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya kuuliza kwa adabu.

Alichotakiwa kufanya kikaoni kilikuwa kidogo tu, na hapo ndipo naona uzito wake. Aseme kwamba ile ibada haikuwa halali, na kwamba wale wanne ni maechi. Angesema hivyo angebaki na jina, na heshima, na nyumba ya mwalimu wake aliyeishi humo miaka tisa. Ajahn Chah alikuwa ameshafariki mwaka 1992, hakukuwa na wa kumwombea. Badala yake alitoka pale bila familia. Na wale wanne waliendelea kuwa mabikuni kwa sababu kuna mtu aliyekataa kusema neno moja.

Haikuishia hapo. Mwaka 2014 alikuwa azungumze kuhusu usawa wa wanawake kwenye mkutano mkubwa wa sikukuu ya Vesak huko Vietnam. Hotuba ikafutwa dakika za mwisho. Ikasambaa mtandaoni, na nina uhakika wengi wetu tusingeisoma kama wangemwacha tu aisome ukumbini kwa wazee waliosinzia baada ya chakula. Na mwezi Juni 2022, huko Bhutan, kwenye tawi la Kitibeti ambalo halikuwahi kuwa na safu yake ya mabikuni, kiongozi mkuu wa watawa aliwatawaza wanawake 144 bila kungoja mabikuni kumi watoke popote.

Mtu ataniuliza, na sisi huku inatuhusu nini? Hata ukiacha mambo ya kazi na uzoefu, Theravada iko hapa jirani. Garuga, karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Kibuddha cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda kabisa. Nimeangalia nauli ya basi la Kampala na nikiuza ile taa yangu ya kurekodia naweza kufika, kurudi itajulikana huko huko. Nikifika nataka kuuliza swali moja tu: msichana wa Masaka ama wa Kawangware akija hapa akisema anataka kanuni zote 311, anapelekwa wapi? Nitawaletea jibu, na kama kuna mtu anaenda upande huo na gari lina nafasi, niandikieni.